Baridi Hutoka Chini

Usiku wangu wa pili katika Mlima Kenya nililala Shipton, kambi iliyo mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. "Nililala" ni neno la heshima tu. Nilikuwa nimejiandaa, ama nilidhani hivyo: mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata nilioazima kwa binamu yangu, soksi pea mbili, kofia ya sufu, sweta juu ya sweta. Chini yangu kulikuwa na kipande cha sponji chembamba kama chapati, nilichokodi mjini dakika za mwisho. Saa nane usiku niliamka mgongo umekufa ganzi. Upande wa juu nilikuwa na joto la kutosha. Upande wa chini nilikuwa samaki kwenye friji.

Nikatoka, nikafuata mwanga wa hema la jikoni, mahali wapagazi walipokuwa wamelala. Mzee mmoja alikuwa macho, anachemsha maji.

"Mwanangu, mbona hulali?"

"Baridi, mzee."

"Inakushika wapi?"

"Mgongoni."

Akacheka polepole asiwaamshe wenzake. "Hiyo si baridi ya huku juu. Baridi hutoka chini." Akainama, akavuta katoni mbili zilizokunjuliwa na gunia tupu, akanipa. "Weka chini ya hiyo sponji yako."

Nikaweka, nikalala mpaka alfajiri. Ilinichukua siku mbili, tukiwa tunateremka kuelekea lango la Sirimon, kufikiria swali ambalo lingepaswa kunijia usiku uleule: katoni zile zilikuwa zimelaliwa na nani kabla yangu?

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za kitu ambacho watu wengi hukiona kidogo mno kuwa na historia, yaani kile kinachokaa kati ya mwili na ardhi. Watu wakijiandaa kupanda mlima huuliza kuhusu jaketi, viatu, mfuko wa kulalia. Cha kulalia huja mwisho, kikija kabisa. Na hapo ndipo wanapokosea.

Mzee yule hakuwa anapiga mafumbo. Mfuko wa kulalia haukupi joto. Joto ni lako mwenyewe. Kazi yake ni kunasa hewa katikati ya manyoya, na hewa iliyonaswa ndiyo inayozuia joto lako lisikimbie. Sasa ukiulalia, uzito wako unayabana manyoya ya upande wa chini na hewa inatoka yote. Kwa hivyo mgongoni, hata kama mfuko wako umegharimu mshahara wa mwezi, ni kama umejifunika leso. Chini yako kuna ardhi, na ardhi ni kubwa. Itakunyonya joto usiku kucha na haitashiba.

Watu wa nchi za baridi na watu wa nyanda zetu za juu walilijua hili kabla ya maduka. Kitanda cha nyumba ya Kimaasai husukwa kwa fito, juu yake huwekwa nyasi, juu ya nyasi ngozi ya ng'ombe. Kihesabu kitanda hicho kwa tabaka: fito zinakuinua kutoka udongoni, nyasi zinanasa hewa, ngozi inazuia upepo na unyevu. Ni uhandisi kamili, ila hakuna aliyeuita hivyo.

Pwani ni hadithi nyingine. Mkeka wa ukindu, ule unaosukwa kwa ukili na kutiwa rangi, umetengenezwa kwa kinyume chake. Mtu wa Lamu au Pangani anaulalia apate ubaridi. Mkeka ni mwembamba, unapitisha hewa, na sakafu iliyo chini yake inamsaidia mwenye joto. Ni kitu kizuri sana mahali pake. Ukiupeleka mita 4,000 utakuua.

Mwaka 1889 mtu mmoja wa Pangani alipanda kweli mahali kama hapo. Aliitwa Mwini Amani. Hans Meyer, Mjerumani kutoka Leipzig, alikuwa amejaribu kufika Kilimanjaro mwaka uliotangulia, akakamatwa na watu wa Abushiri katika vita vya pwani, akaachiliwa kwa fidia. Aliporudi alikuja na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller. Walipita Marangu, wakawaacha wapagazi wengi chini, wakapiga kambi ya juu kwenye uwanda ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,300. Pale hakuna miti, na usiku maji huganda. Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller wakafika kilele cha Kibo, mita 5,895, na majina yao yakaingia vitabuni.

Mwini Amani ndiye aliyebaki nao kambini. Kazi yake ilikuwa kupika na kutunza moto, na moto mahali pasipo miti ni kazi ya mtu mzima. Wageni wale wawili walikaa juu kule wiki mbili na zaidi, wakienda barafuni na kurudi, na kila waliporudi kulikuwa na mtu na chakula. Ninapousoma mkasa huu simfikirii sana Meyer pale kileleni. Namfikiria mtu wa Pangani, aliyezaliwa na kukua kwenye mikeka ya kutafuta ubaridi, akitandika usiku juu ya mawe ya volkeno. Alitandika nini?

Swali hilo, nimegundua, linafanya kazi kama tochi. Ukilimulika katika hadithi yoyote ya milima unaona mambo ambayo msimulizi hakukusudia kukuonyesha.

Limulike Nanyuki, mwaka 1943. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na kambi ya wafungwa wa Kiitaliano chini ya Mlima Kenya. Mfungwa mmoja, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama mlima kupitia seng'enge kila mawingu yakifunguka, mpaka akashindwa kuvumilia. Yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, wakatoroka Januari 1943. Hawakutoroka ili wawe huru. Walitaka kupanda mlima kisha warudi kambini wenyewe. Vifaa vyao walivitengeneza kwa siri. Vyuma vya kukanyagia barafu vilitokana na mabati na vyuma chakavu. Kamba zao zilikuwa za katani, zilizotolewa kwenye vitanda vya kambi. Yaani walipanda mlima kwa kamba za vitanda vyao! Batian iliwashinda. Lakini Lenana walifika, wakasimika bendera ya Italia, kisha wakateremka na kujisalimisha. Benuzzi aliandika kitabu kilichosomwa dunia nzima. Mimi kinachonibakia ni biashara ile waliyoifanya: waliacha kitanda ili wapate mlima, na usiku mlima ukawatoza deni.

Limulike tena miaka kumi baadaye, mbali kidogo na kwetu, maana ndipo swali linapopata jibu lililo wazi kuliko yote. Mwaka 1953 Waingereza walikuwa wanaelekea Everest chini ya John Hunt. Safari ile ilipangwa kisayansi. Walikuwa na mtaalamu wa mwili wa binadamu, Griffith Pugh, aliyepima chakula, maji, mavazi na malazi. Walibeba magodoro ya mpira ya kujazwa upepo, kwa sababu walishaelewa kwamba mtu asiyelala hapandi. Usiku wa mwisho kabla ya kilele, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walilala kwenye hema lililopigwa juu ya vipande viwili vya ardhi visivyolingana, karibu mita 8,500 juu, na magodoro yao ya upepo yalikuwa pale.

Lakini rudi nyuma kidogo, Machi mwaka huohuo, mjini Kathmandu. Wageni wa Kiingereza walipokelewa kwenye ubalozi wao, wakapewa vyumba na vitanda. Washerpa, watu ambao bila wao hakuna mzigo ungefika popote, walionyeshwa gereji iliyokuwa zamani zizi la farasi. Walale sakafuni, na choo hakikuwapo. Tenzing alipewa nafasi ya kulala ndani, akachagua kulala na wenzake. Asubuhi Washerpa wakatoka nje na kukojoa mbele ya jengo, barabarani, kila mtu aone. Baadaye kulikuwa na mzozo mwingine, safari hii kuhusu kama mavazi na mifuko ya kulalia waliyopewa ingekuwa mali yao au ingerudishwa. Tenzing aliyaeleza haya mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Tarehe 29 Mei akasimama kileleni.

Kumbe hadithi ya kupanda mlima mrefu kuliko yote duniani ilianza na ugomvi juu ya sakafu.

Sasa tuje kwenye godoro lenyewe, lile ambalo wapandaji wa leo hukunja na kulitia mgongoni. Lile la upepo mtupu, kama la 1953, lina matatizo mawili. Kwanza, likipata tundu unabaki na karatasi. Pili, hewa iliyo huru ndani yake haitulii. Ukijigeuza inasukumana, inalichukua joto lako na kulipeleka chini. Sponji ngumu yenye vitundu vilivyofungwa haina shida hizo, lakini ni nyembamba, na mtu wa nyonga pana kama mimi anaamka kama aliyepigwa.

Jibu lilitoka mjini Seattle, Marekani, wakati mji huo uko kwenye njaa. Kampuni ya ndege ya Boeing ilikuwa imeajiri watu zaidi ya 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1960. Kufikia 1971 walikuwa wamebaki chini ya 40,000. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka huo watu wawili walikodi bango la barabarani kumwomba mtu wa mwisho kuhama mjini azime taa. Kati ya waliopoteza kazi walikuwamo wahandisi wawili, Jim Lea na Neil Anderson. Rafiki yao John Burroughs, mpenda kutembea milimani, alikuwa amechoka kulala vibaya.

Inasimuliwa kwamba Lea alikuwa akifanya kazi ya bustani, amepiga magoti juu ya mto wa sponji. Akisikia hewa inavyotoka anapopiga magoti na kuingia anapoinuka, akajiuliza: je, hewa hiyo ikifungiwa ndani? Wazo ni hilo tu. Chukua sponji laini yenye vitundu vilivyo wazi. Ivalishe kitambaa kisichopitisha hewa, ukigundishe na sponji kila mahali, kwa sababu usipokigundisha kitavimba kama puto na utabiringika usiku kucha. Tia valvu kwenye kona. Ukiikunja na kufunga valvu, sponji inabaki imebanwa. Ukifungua, sponji inataka kurudi umbo lake, na inaporudi inavuta hewa yenyewe. Mwaka 1972 wakaanzisha kampuni, Cascade Designs, na godoro lao likaitwa Therm-a-Rest.

Uzuri wake si uvivu wa kutopuliza, ingawa mita 4,200 juu, pumzi zikiwa za kuhesabu, huo nao si haba. Uzuri ni kwamba sponji inaikata hewa vipande vidogovidogo na kuizuia isitembee. Ni nyasi za kitanda cha Kimaasai, zimevalishwa nailoni na kufungwa kifuniko.

Kwa miaka mingi kila kampuni ilipima joto la magodoro yake kwa namna yake na kusema ilichotaka. Mwaka 2018 kikatolewa kiwango kimoja cha kupimia, ASTM F3340, na kuanzia 2020 kampuni kubwa zikaanza kukitumia. Namba yenyewe huitwa R. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo joto lako linavyochelewa kupotea. Sponji ya kawaida ya kambi ina kama 2 hivi, nayo inatosha Naivasha au Maasai Mara. Kwa Mlima Kenya, ambako usiku wa Januari anga ikiwa wazi huenda chini ya nyuzi 0, mimi singelala chini ya 4. Ukihisi baridi haraka, tafuta 5 na kuendelea. Habari njema ni kwamba R hujumlishwa. Sponji ya 2 chini ya godoro la 3 ni 5, na ile sponji inalilinda godoro lisitobolewe na mawe. Katoni za mzee yule zilikuwa hesabu hiyohiyo.

Mengine ni ya mwili wako. Anayelala ubavu anahitaji unene zaidi, nyonga isiguse ardhi. Anayelala chali anaweza kuridhika na sentimita 3 au 4. Upana wa kawaida ni kama sentimita 51. Ukilala mikono imetawanyika utaiamkia iko nje, baridi kama ya maiti. Ukifika kambini fungua valvu kabla hata ya chai, kwa sababu kwenye baridi sponji huamka polepole. Malizia kwa pumzi chache tu, maana pumzi ina maji na maji hayafai ndani ya sponji. Nyumbani usilikunje. Liache limelala chini ya kitanda, valvu wazi, lisisahau umbo lake.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hivyo lilalie kabla ya kununua. Langu nililipata Gikomba, kati ya mahema ya mitumba. Nilifungua valvu, nikasubiri robo saa huku muuzaji akiniangalia kama kichaa, nikafunga, nikajilaza palepale kwenye turubai lake. "Siste, si ulale tu nikuletee chai," akasema, na majirani wakacheka. Nikalala dakika kumi, kisha nikalibana na kusikiliza. Halikupumua. Nikalipa.

Lakini kuna kipimo ambacho hakimo kwenye kibandiko chochote. Magodoro mazuri zaidi ya kujijaza hewa, yale manene yanayokufanya usahau uko mlimani, hufika kilo moja na nusu au mbili. Nani anabeba? Katika Kilimanjaro mpagazi anaruhusiwa kubeba kilo 20 za mzigo, na raha yako imo ndani ya hizo 20. Wapagazi wamekufa kwa baridi katika milima hii, watu waliokuwa wamebeba mablanketi ya wengine. Tangu 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaofanya kazi Moshi, ambao huwaazima mavazi ya baridi bila malipo na kuangalia kama kampuni zinawalipa, kuwalisha na kuwalaza inavyostahili. Kwamba mradi kama huo ulihitajika zaidi ya miaka 100 baada ya Mwini Amani inatosha kueleza mengi.

Mimi sisemi watu waache raha zao. Nimelala vibaya na nimelala vizuri, na najua kipi ni bora. Ninachosema ni kwamba historia ya kulala kwenye baridi haijawahi kuwa historia ya sponji na valvu pekee. Ujuzi wa kuikata baridi ulikuwapo zamani, kwa fito na nyasi na ngozi. Kilichokuwa kikibadilika kila mara ni nani anapewa tabaka na nani anaachiwa sakafu.

Nilipopanga kurudi mlimani mwaka jana, niliipigia simu kampuni moja ya kupandisha watalii. Tukaongea bei, njia, siku. Mwishoni nikauliza, "Na wapagazi wetu watano, watalalia nini?"

Kijana wa upande wa pili akanyamaza. "Madam, kusema kweli hakuna mteja ameniuliza hiyo."

"Mimi nauliza."

Akasema ataulizia, na siku ya pili akanipigia. Walikuwa na sponji tatu. Tukapunguza mzigo wetu, tukabeba mbili zaidi. Mzee wa katoni sikumkuta. Nilipomuulizia, wenzake waliniambia ameacha mlima, anafuga mbuzi karibu na Nanyuki. Niliwaomba wampelekee salamu. Usiku ule Shipton nililala kwenye godoro langu la Gikomba, namba 4, na chini yake, kwa mazoea tu, nilikuwa nimetandika katoni.